Barua Kabla ya Mguu Kuvunjika

Hotuba ya wakili wa kujitegemea mbele ya madiwani, masheha na wananchi, Chake Chake, Pemba, katika Wiki ya Sheria

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, masheha wetu, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti. Nimeombwa nizungumzie kazi za baraza la mji, kisha nizungumzie kesi za watu wanaoumia mjini. Aliyeniomba alidhani ni mada mbili. Kwangu mimi ni moja, na zinakutana mtaroni.

Mji wetu umekaa kwenye vilima. Masika yakishuka, maji hayangoji ruhusa ya mtu, yanateremka na kila yanachokikuta. Ndiyo maana ikachimbwa mitaro, na penye watu wengi mitaro ikafunikwa kwa vibao vya zege. Siku moja kibao kinavunjika. Labda lori la mchanga limekipanda, labda saruji ilitiwa kwa ubakhili, hayo nawaachia wahandisi. Wiki ya kwanza mtaa mzima unajua kuruka. Watoto wa skuli wanaruka, wachuuzi wanaruka, hata mbuzi anajua. Mtu mmoja mwenye imani anachomeka tawi la mwembe ili wengine waone. Baada ya mwezi tawi limekauka, limeng'olewa, pengine limekwenda kuwasha moto. Kisha usiku mmoja umeme umekatika, anapita mtu aliyekuja msibani kutoka Micheweni. Hana habari ya kibao wala ya tawi.

Hapo ndipo simu yangu inapolia. Jamaa zake wananiuliza, "Wakili, tutapata ngapi?" Na mimi nawauliza: kabla ya usiku ule, nani aliliandikia baraza?

Majibu nayajua kabla hayajatoka. Tulimwambia sheha. Diwani anajua, anapita pale na vespa yake kila asubuhi. Kila mtu anajua. Sawa. Lakini "kila mtu anajua" haiwezi kupandishwa kizimbani ikaulizwa maswali.

Nieleze kidogo kwa nini nalishikilia hili. Dai la kuumia kwa uzembe linasimama juu ya mambo matatu: kwamba yule unayemdai alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliuvunja, na kwamba kwa kuuvunja wewe ukaumia. La kwanza si zito. Baraza ni chombo cha kisheria, Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 imelipa kazi zake, na linaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake lenyewe. La tatu daktari atalisema. Kesi nyingi zinafia kwenye lile la katikati. Wakili wa baraza atasimama, ataweka miwani sawa, atasema: Mheshimiwa Hakimu, mteja wangu ana mitaro mingi na wafanyakazi wachache, hakuna aliyemwarifu kwamba kibao hiki kimevunjika, alitakiwa ajue kwa njia gani? Na mimi ningekuwa upande wake, ningesema hivyohivyo.

Angeweza hata kwenda mbali zaidi. Sheria yetu ya madai ya madhara sehemu kubwa tuliipokea kutoka Uingereza, enzi za himaya, mwishoni mwa karne ya 19. Na huko Uingereza, mwaka 1788, mtu mmoja gari lake liliharibika kwenye daraja bovu huko Devon, akawashtaki watu wa wilaya nzima. Akashindwa. Majaji wakasema, miongoni mwa mengine, ni afadhali mtu mmoja abebe hasara yake kuliko umma mzima usumbuliwe. Kutoka hapo ikakua kanuni: mwenye kusimamia njia akifanya kazi vibaya, anawajibika; akikaa tu asifanye kitu, hawajibiki. Yaani baraza likichimba shimo likaliacha wazi, unalo. Shimo likijichimba lenyewe kwa mvua na baraza likalitazama, huna. Waingereza wenyewe waliona aibu wakaifuta kanuni ile kwa sheria ya mwaka 1961. Lakini sisi tulipokea mzigo kabla ya hapo, na sheria ya Bunge lao ya 1961 haikuwamo ndani yake. Sisemi kwamba jaji wa Zanzibar wa leo atawafuata wale wa 1788. Nasema hoja ipo, na wakili mwenye kusoma ataitoa kabatini. Dawa yake ni kuonesha kwamba baraza halikukaa tu: lilijua, liliambiwa, tena kwa maandishi, likachagua kutofanya.

Mtaniambia huo ni ukali wa mawakili. Basi tazameni New York, mji tajiri. Mwaka 1979 walichoka kulipa watu wanaojikwaa, wakatunga sheria kwamba mtu hawezi kulidai jiji kwa shimo la barabarani au la njia ya miguu mpaka ithibitike jiji lilikuwa limearifiwa kwa maandishi, na siku 15 zimepita bila matengenezo. Walidhani wamemaliza. Nani ataandika barua juu ya shimo ambalo hajaanguka ndani yake?

Mawakili wa huko wakafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka nacheka. Mwaka 1982 wakaanzisha shirika lao, wakaajiri watu watembee mtaa kwa mtaa na karatasi mkononi. Kila penye ufa wanatia alama, penye shimo alama nyingine, penye kibao kilichonyanyuka alama nyingine. Ramani zikajaa, wakazipeleka ofisi za jiji, zikapokelewa. Kuanzia siku ile, jiji likawa haliwezi kusema halikujua. Ukianguka, wakili wako anakwenda kwenye ramani anatafuta alama yako.

Najua walifanya kwa tamaa ya kesi, si kwa kuwahurumia wapita njia. Lakini ilikuwa kazi ya maana. Na kuna mkia wa hadithi hii ambao ndio khasa nautaka. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya jimbo lile ilizikataa kesi zilizotegemea ramani hizo, kwa sababu alama iliyochorwa haikuwa ya kasoro ile iliyomwangusha mdai, na nyingine haikusomeka vizuri. Taarifa ilikuwepo, ila haikusema sawasawa. Mtu kavunjika, ramani ipo, na bado kakosa.

Nitalirudia hilo la kusema sawasawa. Kwanza niondoe sumu moja ya kwenye simu zetu. Vijana wananitumia habari za Marekani: mtu kamwagikiwa na kahawa, kapewa mamilioni ya dola. Mimi kesi ile naipenda, kwa sababu waliomcheka yule bibi hawajaisoma. Ilikuwa Albuquerque, hukumu ilitoka mwaka 1994. Bibi wa miaka 79 alimwagikiwa na kahawa ya McDonald's mapajani, akaungua mpaka akapandikizwa ngozi. Mwanzo aliomba dola 20,000 tu wamalizane. Walikataa. Huko wana juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoitwa kusikiliza kesi na kukadiria fidia. Juri ikasikia kwamba kampuni ilikuwa imeshapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua na kahawa yake. Mia saba! Wakampa dola 200,000 kwa madhara, wakakata asilimia 20 kwa sababu na yeye alikuwa na sehemu yake ya kosa, kisha wakaongeza dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Hizo za adhabu jaji akazishusha mpaka 480,000, na mwisho pande mbili zikapatana nje kwa kiasi kisichotangazwa. Kilichoiumiza kampuni si ule ujoto peke yake. Ni yale malalamiko 700 yaliyolala kwenye mafaili yake.

Huku kwetu hakuna juri kwenye madai. Hakimu au jaji anakaa peke yake, na mkono wake si mwepesi wa kutoa. Fidia yetu ina mafungu mawili. Kuna hasara uliyoitoa mfukoni: dawa, eksirei, nauli ya boti kupelekwa Unguja, siku ambazo hukufungua meza yako sokoni. Hiyo ni lazima uitaje kwenye hati ya madai na uithibitishe, kitu kwa kitu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo mwaka 1992, na mahakama zimelinukuu mpaka limekuwa kama uradi. Risiti, ndugu zangu. Mtu anavunjika, anapelekwa kwa fundi wa mifupa kijijini, anakandwa, analipa kwa kuku na noti mbili za elfu kumi, kisha anakuja kwangu anataka milioni. Simzuii mtu kwenda kwa fundi, baadhi yao mikono yao ina baraka. Lakini pita hospitali kwanza, chukua polisi fomu ya PF3, ile anayoijaza daktari, piga picha, weka cheti. Fungu la pili ni la maumivu na usumbufu, hilo liko mikononi mwa hakimu. Na akiona ulikuwa unatembea macho kwenye simu, atakupunguzia.

Nikusimulieni kesi moja. Mji wake siutaji na watu wake siwataji. Mama mmoja muuza samaki, alfajiri, amebeba ndoo kichwani, kaingia mtaroni penye kibao kilichokosekana. Kifundo cha mguu kilivunjika pande mbili. Mumewe alikuja peke yake kwangu, akakaa, akasema maneno haya: "Mimi sitaki kesi. Mkurugenzi wa baraza ni mtu wa kwetu. Nataka tu nijue kama ni kudra au ni uzembe, roho yangu itulie." Nikamwambia, bwana, kudra imo katika kila kitu, lakini hebu tuangalie makaratasi.

Barua haikuwepo. Nikaomba kuona mihutasari ya vikao vya baraza. Nililetewa faili la kijani lililofungwa kwa uzi, kurasa nyingine panya walishaonja. Ukurasa baada ya ukurasa: ushuru wa soko, kodi za milango ya maduka, gari ya taka imeharibika rejeta, malalamiko ya ng'ombe wanaozurura, posho. Mambo ambayo mtu akiyasoma usiku analala. Halafu, chini ya "Mengineyo", mstari mmoja na nusu: diwani wa wadi ile alieleza kwamba kibao cha mtaro karibu na mnada wa samaki kimevunjika na watoto wanapita hapo; akajibiwa kwamba litashughulikiwa fedha zitakapopatikana. Tarehe ya kikao ilikuwa miezi minane kabla ya mama yule kuanguka.

Mstari ule ndio uliokuwa kesi. Yule diwani hakuwa msemaji mkubwa, na sidhani kama alikumbuka kwamba aliwahi kulisema jambo lile. Lakini alisema kwenye kikao na karani akaandika. Tulipeleka notisi ya kusudio la kushtaki, tukaambatanisha nakala ya ukurasa ule. Hatukufika mahakamani. Walikaa, wakapatana, mama akalipwa gharama zake na zaidi kidogo, na kibao kikatiwa wiki ile ile. Kibao chenyewe, kwa bei ya siku zile, hakikufika hata nusu ya gharama ya matibabu.

Kwa hiyo waheshimiwa madiwani, "Mengineyo" msiidharau. Najua inafika saa sita, watu wanatazama saa na adhana imekaribia. Semeni hapo hapo, tajeni mahali, na kikao kinachofuata hakikisheni muhtasari umeandika mlichokisema kabla hamjauthibitisha. Diwani asiyesoma muhtasari anaounyooshea mkono anatia saini asichokijua.

Sasa niseme na sisi wananchi. Kinachotuzuia Pemba si kutojua sheria tu. Ni muhali, ule wa kuoneana haya. Mkurugenzi ni shemegi, karani alisoma na mtoto wako, diwani mlisali naye safu moja juzi. Utamshtaki vipi? Mimi silaumu muhali, ndio unaotufanya tuzikane. Nasema tu kwamba barua si kesi. Barua humfanya shemegi yako afanye kazi yake kabla hamjafika mahali pa kununiana. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Omar, radhi za Allah ziwe juu yake, alisema anakhofu nyumbu akijikwaa kule Iraq, Mola atamuuliza kwa nini hakumtengenezea njia. Yuko Madina, nyumbu yuko Iraq! Sisi binadamu anajikwaa mbele ya ofisi, tunasema ni kudra. Na kuondoa chenye kuudhi njiani tumefundishwa ni sadaka. Tawi la mwembe ni sadaka nzuri, karatasi yenye muhuri nayo ni sadaka.

Kabla ya kuandika, jua shimo ni la nani. Mitaro ya mitaani, soko na taka, hayo ni ya baraza. Bomba la maji na mashimo yake, mlango ni wa ZAWA, mamlaka ya maji. Nguzo na waya, ZECO, shirika la umeme. Barabara kuu iko chini ya Wizara inayosimamia ujenzi. Ukikosea mlango barua yako inaweza kulala kwenye meza isiyokuwa yake mwaka mzima, na mahakamani utaambiwa umemwarifu asiyehusika. Ukiwa na shaka, peleka nakala kwa wote wawili, karatasi si ghali.

Barua yenyewe iwe fupi. Tarehe juu. Kwa Mkurugenzi, siyo kwa "wahusika wote". KUH: kibao cha mtaro kilichovunjika. Kisha ile kusema sawasawa niliyoahidi: usiandike "nyuma ya soko", soko lina nyuma nyingi. Andika hatua kumi kutoka mlango wa msikiti fulani, upande wa duka la vitambaa, vibao viwili havipo, kina cha mtaro kinafika gotini kwa mtu mzima. Piga picha kwa simu, na pembeni ya shimo weka kandambili yako, mtu aone ukubwa wake. Chapa nakala mbili au andika kwa mkono, hakuna tofauti. Nenda masijala, mpe karani moja, na ile ya pili akupigie muhuri wa kupokea, atie tarehe na saini, aiandike kwenye daftari la barua zinazoingia. Karani akikwambia "iache tu hapo", mwambie kwa adabu, "Mwanangu, nisaidie muhuri, nimetoka mbali." Usiondoke bila ya muhuri. Nakala nyingine mpe sheha. Yako itie kwenye mfuko wa nailoni, mvua zetu mnazijua.

Asiyejua kuandika asione haya. Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanza Zanzibar mwaka 1992, kina ofisi hapa Chake, na wasaidizi wa sheria wako majimboni. Kazi hii wanaifanya.

Na ninyi wa baraza, msizione barua hizi kama mawe. Daftari linaloonesha kwamba barua ilipokelewa tarehe 3, fundi alikwenda tarehe 6, alama ya hatari iliwekwa, kibao kikaja baada ya wiki mbili, hilo ndilo litakalowatetea siku mkishtakiwa. Hata Waingereza, baada ya kufuta kanuni yao ya 1788, waliliachia baraza utetezi mmoja: lioneshe kwamba lilikuwa likikagua na kutengeneza kwa uangalifu unaostahiki. Baraza lisilo na daftari la ukaguzi linakwenda vitani mikono mitupu. Na fidia mkihukumiwa mnailipa na nini? Na ushuru wa mama wa mchicha.

Jambo moja la pembeni, mniwie radhi. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege siku hizi, tangu Oktoba 2024, anakata bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, akivunjika mguu ana pa kushika. Mwenyeji anayemuuzia dafu hana. Ningependa madiwani waliulize baraza lao, kwenye kikao na liandikwe, kama kuna bima yoyote inayomkinga mpita njia dhidi ya mitaro ya mji wao.

Kuna kijana kanyanyua mkono tangu mapema, ananiashiria bodaboda. Nakujibu, kaka. Ya bodaboda ni njia tofauti, si ya baraza. Chombo cha moto kinatakiwa kiwe na bima ya mtu wa tatu, na wewe uliyegongwa, au abiria uliyeangushwa, ndiye unayekingwa nayo. Kwa hiyo pale pale barabarani, kabla watu hawajaanza "msameheni ni kijana wetu", mtu mmoja achukue namba ya pikipiki na apige picha stika ya bima. Msamaha mnaweza kumpa jioni. Namba ya pikipiki jioni hamtaipata. Halafu polisi, PF3, hospitali, na risiti. Kama bima imekwisha muda wake, hapo dai ni la mwendeshaji na mwenye chombo, na ukubwa wa mfuko wao mnaujua. Haya, mwengine mwenye swali, yule mama wa kanga nyekundu.